Wamenipa ukapteni mapema, ila kiti kiko New York na familia iko Chicago

BARUA

Kaka shikamoo,

Nasoma majibu yako siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana naona kichwa kinaniuma na tarehe inakimbia.

Mimi ni mtoto wa Tanga, nilikuja Marekani kusoma mambo ya kompyuta nikaishia kwenye ndege, hiyo hadithi ni ndefu tuiache. Nilifundisha wanafunzi kwenye vile vi-Cessna mpaka nikafikisha saa 1,500 za kuruka, nikaajiriwa na shirika la rijonali, haya madogo yanayorusha ndege zilizopakwa rangi za mashirika makubwa. Narusha Embraer 175, abiria 76, nakaa kiti cha kulia, yaani rubani msaidizi, kapteni anakaa kushoto. Beisi yangu, yaani uwanja ninaoanzia kazi, ni Chicago, O'Hare, na nyumbani ni mwendo mfupi tu kwa gari kwa hiyo mimi ni kati ya wale wachache wanaomaliza kazi wanalala kwao, wenzangu wengi wanadandia ndege kutoka majimbo mengine huko kuja kazini.

Sasa kampuni imetangaza nafasi za ukapteni, tena nyingi. Mtu akishafikisha zile saa 1,000 kwenye ndege za shirika anaruhusiwa kuomba na mimi nimeshazipita. Nasikia enzi zenu watu walikaa kulia miaka saba, minane, mimi hata miwili sijafika naambiwa njoo kushoto. Ni kama mchezo vile. Tatizo ni kwamba nafasi ambazo sinioriti yangu, yaani namba yangu kwenye orodha ya marubani wa kampuni, inaweza kushika zote ziko New York, LaGuardia. Chicago kwa namba yangu bado. Na huko New York ntakuwa stendibai, tena ile ya karibu, ukipigiwa simu una kama saa mbili uwe umeshafika uwanjani, kwa hiyo siwezi kusubiria nyumbani Chicago. Darasa la ukapteni linaanza Novemba.

Mke wangu ni nesi, anafanya zamu za usiku, na tuna mtoto wa mwaka na nusu. Sasa hivi nina ratiba nzuri, najua mwezi mzima naondoka lini narudi lini, yeye anapanga zamu zake kwenye siku nilizopo nyumbani, tunapokezana mtoto kama kijiti. Mtoto hajawahi kulala kwa mlezi hata siku moja. Nikiwa stendibai New York hiyo ndo imekwisha.

Kwa nini nataka? Kwanza hela kaka, tusidanganyane. Sasa nalipwa dola 96 kwa saa, kapteni wa mwaka wangu analipwa 145. Halafu kuna bonasi nono ukisaini kukaa miaka miwili kama kapteni. Pili, saa za ukapteni, maana ndoto yangu ni kuingia shirika kubwa na kila mtu anasema saa za kiti cha kushoto ndo zinafungua mlango. Tatu, kuna madogo walioajiriwa baada yangu wameshaomba, na mimi siwezi kukubali waje kuwa juu yangu, nikichelewa watanipita moja kwa moja. Nne, mzee wangu Tanga ameshaanza kutambulishwa msikitini kama baba yake kapteni. Sijui nani kamwambia, nadhani ni mdogo wangu.

Kwenye kuruka kwenyewe sina wasiwasi. Mitihani yote ya simuleta nimepita mara ya kwanza, na makapteni wananipenda kwa sababu sina makuu na mtu. Msimu wa baridi uliopita tulikuwa O'Hare tumeshapigwa dawa ya barafu, foleni ya kuruka ikawa haisogei na theluji nyepesi inaendelea kushuka, muda wa ile dawa ukawa unakaribia kuisha, kapteni akanigeukia akaniuliza unaonaje, turudi tukapigwe tena au tusubiri, nikamwambia wewe ndo bosi, lolote utakaloamua nipo na wewe. Tukarudi, tukapigwa, tukachelewa, tukafika salama. Mwisho wa safari akanisifu kwamba mimi ni mtu rahisi kufanya naye kazi. Ndo staili yangu hiyo.

Mke wangu anasema uamuzi ni wangu na yeye ataniunga mkono. Ila akishasema hivyo anaenda kuosha vyombo kwa kelele.

Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi. Nichukue au nisubiri?

Tepe Tatu, Chicago

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Nakupa jibu kwanza halafu tuongee. Ukapteni uchukue, ila sio darasa hili la Novemba. Hii iache ipite, uombe itakayokuingiza darasani mwezi wa tatu au wa nne, na kabla ya hapo kuna kazi ya kufanya ambayo haina uhusiano wowote na saa zako.

Naanza na hao madogo, maana naona ndo wanaokunyima usingizi na bahati nzuri ndo jambo rahisi kuliko yote. Hawakupiti. Kwenye mashirika ya hapa sinioriti inahesabiwa kuanzia siku uliyoajiriwa, sio siku uliyokaa kushoto. Dogo aliyeajiriwa baada yako akiwa kapteni leo na wewe ukawa kapteni mwakani, siku unayoingia unakaa juu yake kwenye orodha ya makapteni, likizo unachagua kabla yake, ratiba unachagua kabla yake, na Chicago ikifunguka ni yako kabla ya kuwa yake. Atakachokuwa amekutangulia ni saa za kushoto na mshahara wa hiyo miezi. Hivyo ni vitu vya kweli, sivipuuzi, lakini namba yako hakuna anayeiiba. Nenda kasome mkataba wa chama chenu cha marubani ujiridhishe, sehemu ya sinioriti huwa haizidi kurasa chache, na wakati uko hapo angalia kama kampuni ina haki ya kumlazimisha mtu kupanda akishafikisha saa. Kuna rijonali zimewahi kufanya hivyo zilipoishiwa makapteni na watu wakajikuta New York bila kupenda. Kama na yenu ina kipengele hicho basi sehemu ya mjadala wetu imekufa, nijulishe.

Hela sasa. Umeniandikia 96 na 145 na nimeona macho yako yalivyong'aa. Lakini wewe leo una ratiba nzuri, tuseme unalipwa saa 90 kwa mwezi, hiyo ni dola 8,640. Kapteni wa stendibai kwa kawaida anahakikishiwa kama saa 75 hivi, ukizidisha kwa 145 unapata 10,875. Tofauti ni dola 2,235 kabla ya kodi. Toa kitanda cha geto Queens, zile nyumba za New York ambazo marubani wanachangia kupanga, tuseme 350. Halafu mkeo. Nesi wa usiku anafanya masaa 12, kama analipwa hata dola 45 kwa saa basi zamu moja ni 540, na akilazimika kuacha zamu tatu tu kwa mwezi kwa sababu hakuna wa kukaa na mtoto, hiyo ni 1,620. Umebaki na dola 265, kabla hujanunua sendwichi ya LaGuardia. Na kama badala ya kuacha zamu mtamlipa mtu akae na mtoto usiku, hapo hesabu naiogopa hata kuianza. Najua utasema kampuni ikiwa na uhaba wa makapteni stendibai anaruka kweli kweli na anazidisha hizo 75. Inawezekana kabisa. Basi usikisie, tafuta makapteni wawili watatu wa stendibai walioko LaGuardia sasa hivi, waulize mwezi uliopita wameruka saa ngapi na wamelala kwao siku ngapi, kwenye chumba cha wafanyakazi watu wanaongea hayo mambo bila hata kuulizwa mara mbili.

Hayo majibu yatakusaidia pia kwenye ile sababu yako ya pili, ambayo kwa kweli ndo sababu yenye nguvu kuliko zote ulizoandika. Saa za ukapteni zina thamani, na thamani yake inapanda na kushuka kutokana na soko. Mwaka 2022 mashirika makubwa yalikuwa na njaa ya marubani kiasi kwamba watu walichukuliwa moja kwa moja kutoka kiti cha kulia cha rijonali, wengine hawajawahi kukaa kushoto hata saa moja. Mwaka 2024 mambo yakageuka, Boeing wakachelewesha ndege, Southwest wakasimamisha kuajiri, United wakafunga madarasa kwa muda, Spirit wakawapeleka marubani wao likizo isiyo na malipo. Soko likibana hivyo mwenye saa 1,000 za kushoto anaonekana na asiye nazo anasubiri. Kwa hiyo mtu akikwambia ukapteni sio muhimu siku hizi usimsikilize. Lakini stendibai anayekaa geto anaangalia dari hakusanyi saa, anakusanya siku za kukosa nyumbani.

Twende kwenye kitu ambacho umekiandika kama sifa na mimi nimekisoma mara tatu nikiwa natikisa kichwa. Ile siku ya theluji.

Kapteni wako hakukuuliza kwa adabu tu. Muda wa dawa ulikuwa unakata, yeye anaongea na mnara, anafikiria mafuta, anafikiria abiria wana ndege za kuunganisha, na akageuka kwa mtu wa pili pekee aliye na leseni humo ndani akamwambia nisaidie kufikiri. Ukamrudishia mzigo. Wewe ulikuwa na jedwali la muda wa dawa mkononi, unajua theluji ilikuwa ya aina gani, unajua mlipigwa saa ngapi. Unajua pia kwamba muda ukishapita kanuni zinawataka kuhakikisha mabawa ni safi ndani ya dakika tano kabla ya kuanza kuruka, la sivyo mrudi. Majibu yote ulikuwa nayo. Ungeweza kusema "muda unaisha baada ya dakika nne na mbele yetu kuna ndege tisa, mimi ningerudi." Sentensi moja. Hiyo ndo kazi ya ukapteni yenyewe, kugeuza vidhibiti tayari unajua kama ulivyosema na mimi nakuamini.

Na ukitaka kujua kwa nini nalishikilia hili wakati kwenye makaratasi uko vizuri, kumbuka hizo saa 1,500 na hizo 1,000 zimetoka wapi. Februari 12, 2009, ndege aina ya Q400 ya shirika la rijonali la Colgan, safari namba 3407 kutoka Newark, ilianguka ikikaribia kutua Buffalo, wakafa watu 50 pamoja na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Kule kuanguka ndo kulizaa sheria ya mwaka 2010 na kanuni za 2013 zilizokufanya ufundishe wanafunzi muda wote ule. Lakini marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa 1,500! Kapteni alikuwa na zaidi ya 3,000, ila kwenye Q400 yenyewe alikuwa na kama 110 tu. Ndege ilipopunguza mwendo kupita kiasi na usukani ukaanza kutetemeka kumwonya, akavuta badala ya kusukuma. Na wote wawili walidandia ndege kuja kazini, mwanamke aliyekuwa kulia alitoka Seattle usiku kucha, kapteni nyumbani kwake ni Florida na usiku wa kuamkia ile safari alikuwa kwenye chumba cha wafanyakazi pale Newark. Sisemi wewe utakuwa hivyo, Mungu apishe mbali. Nasema uchovu wa kudandia na ugeni wa kiti ni vitu viwili tofauti, na mpango wako wa Novemba unavibeba vyote kwa pamoja, tena baridi inaingia.

Maana hebu tembea na kalenda. Darasa Novemba, simuleta, halafu safari za kwanza na kapteni mkufunzi, na mkaguzi wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, lazima apande naye akuangalie angalau safari moja. Unaachiwa ndege Januari hivi. Hapo unaanza kile kipindi wengine wanakisahau kabisa wakiwa wanapiga hesabu ya tepe ya nne, ile ya kapteni: saa zako 100 za mwanzo kama kapteni kwenye hiyo ndege, viwango vya hali ya hewa vinapandishwa kwa ajili yako peke yako, futi 100 juu zaidi kwenye kimo cha kuamua kutua au kuondoka, na nusu maili zaidi ya umbali wa kuona. Kiwanja ambacho mwenzako anatua akiwa na futi 200 na nusu maili, wewe unahitaji futi 300 na maili nzima.

Mimi kipindi changu kilinikuta na ukungu, kiwanja kidogo cha mji wa chuo kikuu, nikashuka mpaka mwisho wa ruhusa yangu, hali iko juu ya viwango vya watu wote isipokuwa vyangu, nikaondoka kwenda kiwanja cha pili. Tuko njiani tunasikia kwenye redio mwenzetu wa kampuni ile ile anatua pale pale. Abiria mmoja alikuwa anafuatilia kwenye simu yake, tuliposhuka akaniuliza mbona yule kaweza. Unamwelezaje? Nilimwambia sheria yangu na yake leo ni tofauti, nikasimama mlangoni nikaaga watu mpaka wa mwisho. Yule dada aliyekuwa kulia, mdogo kwangu kwa miaka mingi, alikuwa amenikumbusha viwango vyangu mapema kabisa tukiwa bado juu, bila kuulizwa, na hadi leo nikisikia jina lake linatajwa kwenye mambo ya kazi nampa sifa.

Kiwanja chenyewe cha LaGuardia kina njia mbili za kurukia, kila moja futi 7,000 tu na maji yako mwishoni. Machi 2015 ndege ya Delta aina ya MD-88 iliteleza pale kwenye theluji ikapanda ukingo ikavunja uzio, pua ikabaki inaning'inia juu ya maji, Mungu saidia hakuna aliyekufa. Watu wanatua pale kila dakika chache mwaka mzima na wanatua salama, hata wewe unatua. Lakini kujifunza kuwa mtu mwenye neno la mwisho la kusema hapana, nakuchagulia Mei.

Hiyo hapana yenyewe haiji kwenye radi na theluji tu. Inakuja kwa simu, saa tatu usiku, umeshafanya safari nne, mmechelewa kwa sababu Newark imefungwa au sijui nini, na kijana wa ratiba anakupigia kwa sauti ya upole kabisa kwamba muda wenu wa kazi unakaribia kikomo, je mnaweza kuongeza? Kanuni za mapumziko zinaruhusu, kama bado hamjaruka, kuongeza muda usiozidi saa mbili, ila kapteni lazima akubali. Sio kampuni peke yake. Wewe. Kule nyuma abiria 76 wanataka kwenda kwao, mhudumu wa ndege mmoja anasinzia kwenye kiti chake, rubani msaidizi ana wiki tatu tangu atoke darasani na ukimuuliza atakwambia wewe ndo bosi. Unaona sasa? Yule ni wewe wa mwaka jana. Na ile karatasi ya safari unayosaini na dispatcha, yule mpanga safari wa kampuni aliyeko ofisini, mnawajibika nyote wawili, kwa hiyo ukiona mafuta aliyoweka hayakuridhishi huwezi kusema nilidhani yeye anajua.

Kwa hiyo miezi hii ya kusubiri sikuambii ukae. Kuanzia safari yako ijayo, pata karatasi ya safari mapema uisome kama wewe ndo unayesaini: mafuta, kiwanja mbadala, kifaa gani kimeahirishwa kutengenezwa na kinabadilisha nini. Amua kichwani kabla kapteni hajafungua mdomo, halafu sikiliza yeye anaamua nini. Mkitofautiana muulize kwa nini, sio kwa ubishi, wengi wanapenda kuulizwa. Ukipata kapteni mzuri mwambie wazi, "kapteni naomba leo niiongoze siku, wewe nirekebishe nikipotea." Nimeshaambiwa hivyo na vijana na sijawahi kukataa, sijui kapteni gani mwenye akili atakataa. Piga simu kwa dispatcha wewe. Ongea na wahudumu wa ndege wewe. Na ukiulizwa unaonaje, ni marufuku kujibu wewe ndo bosi, toa jibu hata kama baadaye litaonekana sio zuri sana. Utakosana na mtu mmoja wawili kidogo, ni sawa tu, kupendwa na makapteni wote sio jambo la kujivunia kama unavyodhani.

Kuna na hili la rekodi. Ukianguka mtihani wa kupanda ukapteni kwa kawaida unarudi kulia na maisha yanaendelea, lakini mtihani ulioanguka unaingia kwenye hifadhidata ya marubani ya FAA na kila shirika litakalotaka kukuajiri lazima liusome. Mmoja sio mwisho wa dunia, watu wameajiriwa nao na wameueleza vizuri. Ila kwa nini uuendee ukiwa hujalala, mtoto analia kwenye simu, mke amenuna?

Bonasi usiisaini kabla hujaisoma na kalamu nyekundu. Angalia mambo mawili. La kwanza, ukiondoka kabla ya miaka miwili unarudisha kiasi chote au kile kilichobaki kwa miezi. La pili, mikataba mingine inadai urudishe kiasi cha kabla ya kodi wakati wewe ulipokea kilichokatwa. Na jiulize pia itakuwaje shirika kubwa likikuita mwezi wa kumi na nne. Halafu hizi kampuni ndogo zinakufa mdogo wangu, Trans States na Compass zilifunga Aprili 2020 ndani ya wiki moja, ExpressJet ikafuata 2022, na rubani wa kampuni iliyokufa anaanza mwisho wa foleni popote anapokwenda, awe kapteni wa miaka ishirini.

Hapo ndo kuna udhaifu wa ushauri wangu na sikufichi. Dirisha linaweza kufungwa. Watu wa umri wangu tuliona 2007 umri wa kustaafu wa marubani ukisogezwa kutoka 60 hadi 65, halafu uchumi ukaanguka 2008, na rubani aliyekuwa anasubiri miezi sita kupanda akasubiri miaka sita. Ndo ile miaka saba, minane uliyoisikia, haikuwa uvumilivu wetu. Kwa hiyo kusubiri kwako kuwe na kikomo. Chukua matokeo ya maombi ya mara tatu nne zilizopita, tafuta kapteni mdogo kuliko wote kwa sinioriti aliyepata Chicago kila mara, uone namba inashuka kuja kwako kwa kasi gani. Kama itakufikia ndani ya mwaka, subiri Chicago na usimsikilize mtu. Kama inakuja kwa kutambaa, basi ya masika chukua hata kama ni New York, ila hapo uwe umeshapata kitanda Kew Gardens, kile kitongoji ambacho marubani na wahudumu wamejazana mpaka watu wanakiita Crew Gardens, na uwe umeshakubaliana na mkeo kwa maandishi kabisa, nani analala na mtoto usiku upi. Nenda siku moja kabla ya zamu. Usijaribu ule ujanja wa kuamka Chicago alfajiri udandie ndege ya kwanza, O'Hare kwenda LaGuardia kuna ndege nyingi kweli lakini siku ukiihitaji jampsiti, kile kiti cha ziada cha wafanyakazi, mko watu sita na viwanja vyote viwili vimesimamishwa kwa upepo.

Na kuhusu huyo mkeo, ushauri wangu usiumalize kwa barua hii. Akimaliza vyombo mwekee ile hesabu ya 265 mezani, muulize yeye angeuza zamu zipi na zipi hauzi. Nesi wa usiku amezoea kuamua mambo mazito saa tisa za usiku bila kuita mtu, sidhani kama atakuambia wewe ndo bosi.

Mzee wala asikusumbue. Kule kwetu ukishavaa shati jeupe lenye tepe begani wewe ni kapteni tangu siku ya kwanza, hata tepe ikiwa moja. Mwache atambe.

Maombi ya mwisho wa mwezi huu yaache. Orodha ya matokeo ukishaipata nitumie, futa majina ubakize namba na beisi, nikuangalizie Chicago inashuka kwa kasi gani.